Mbili za Mbili

Alfajiri ya Julai, Rosario,
baridi imekaza vidole kama kamba mpya.
Nélida anasukuma mkokoteni wa maboksi:
ya viatu, ya friji, ya keki ya harusi ya watu,
yamekunjwa, yamelazwa, yamefungwa kwa tyubu za baiskeli.

Mlangoni pa ghala pana mizani ya kijani,
na juu yake picha ya Bikira, eti ashuhudie.
"Themanini," asema Bertolotti. "Toa kumi za unyevu.
Toa nne za kamba. Toa mbili."
Mbili za nini?
"Za mbili."

Nami ninayeandika haya nahesabu kwa vidole,
nane huku, nane kule, kama nilivyofunzwa,
na najua mstari ukipunjwa sikio hushtuka. Sikiliza:

Tumeamka mapema, giza lingali njiani,
Mikono inatuuma, barafu i vidoleni,
Mzigo tunasukuma, hadi ghala la mjini,
Aliyepima kapima, haba viganjani.

Umehisi? Mbili zimekwenda.

Miaka kumi na tisa ya mbili za mbili.
Zilikuwa dawa ya kifua ya Yésica,
iliyonunuliwa nusu chupa, ikaongezwa maji.
Zilikuwa Ceferino na Abundio, tumbo moja,
wasiosemezana kwa ajili ya boksi la televisheni.
Maana ukikatwa unyevu siku ya ukavu,
kesho utamwaga maji mwenyewe,
na keshokutwa utamchungulia jirani
kuona yeye kamwaga ndoo ngapi.
Hivyo ndivyo mkono mmoja mrefu
unavyotufupisha sote.

Bertolotti si zimwi. Krismasi hugawa peremende.
Yeye naye hukatwa na kiwanda, na kiwanda hukatwa
na watu ambao hawajawahi kugusa boksi
ila kulifungua.
Lakini sakafu ya nyumba yake ya pili
ni marumaru, na ukiikanyaga polepole
utasikia karatasi.

Siku ya Jumanne Nélida hakuja na maboksi.
Alikuja na pakiti ishirini za sukari,
kilo moja moja, na lakiri yake kila moja,
alizoazima dukani kwa akina Lin kwa kuacha kitambulisho.
Akazipanga juu ya mizani, bila haraka,
kama mtu anayelaza watoto.
Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama:
kumi na sita.

Watu kumi na wanane walikuwa kwenye foleni.
Hata mbwa wa ghala alikaa.
"Sukari hii haina unyevu, bwana," akasema Nélida.
"Wala haina kamba."
Bertolotti akafungua mdomo: "Toa..."
kisha hakujua atoe nini.

Sitakudanganya kwamba pepo ilianzia hapo.
Walichanga, wakanunua mizani ya mtumba,
wakaitundika kwenye banda la zamani la tramu.
Bei huandikwa ukutani kwa chaki, kila mtu aione.
Yeyote aweza kusema "pima tena," na hapana kununa.
Wiki ya pili lilipatikana tofali ndani ya mzigo wa Ceferino.
Wengine walitaka afukuzwe.
Nélida akampa kazi ya kusoma mshale,
mbele ya wote, kwa sauti,
na Abundio ndiye aandikaye.
Siku ya kwanza sauti ya Ceferino ilikauka.
Siku ya tano kaka mtu alimwambia neno,
"Rudia," basi, hilo tu,
lakini lilikuwa neno.

Sukari waliirudisha dukani, kasoro pakiti moja
waliyoilipia, ikaning'inizwa msumarini karibu na mizani.
Kiwanda bado hulipa kinavyopenda; vita hivyo havijaisha.
Yésica anakohoa bado, ila chupa ni nzima.
Nami narudi kwenye ubeti wangu uliopunjwa,
naweka kile kilichotolewa:

Aliyepima kapima, siyo haba viganjani.